Usiiachie Simu Iamue: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapopiga Filamu Fupi

Simu imetengenezwa ili asiyejua kupiga picha apate picha. Ukiingia kivulini, inaongeza mwanga bila kuulizwa. Mtu akikatiza mbele, inamfuata yeye na kumwacha yule uliyekuwa unamrekodi. Ukuta wa njano wa chumba cha bibi inauona una kasoro, inaupausha uwe mweupe. Kwa anayerekodi harusi ya binamu yake, huo ni msaada. Kwa anayetengeneza filamu ni balaa, maana filamu ni maamuzi, na simu imeshayafanya yote kabla wewe hujafungua mdomo.

Kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Dar es Salaam na Zanzibar wananiletea filamu zao fupi kwenye flashi nizitazame. Nazitazama zote hadi mwisho. Makosa ni yaleyale, na hayatokani na uhaba wa vifaa. Mwaka 2011 Park Chan-wook wa Korea Kusini na mdogo wake Park Chan-kyong walitwaa Dubu wa Dhahabu wa filamu fupi kule Berlin kwa kazi waliyoipiga kwa iPhone 4, simu iliyokuwa inarekodi video ya 720p tu. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo leo zinaizidi. Kwa hiyo usije kwangu na malalamiko ya kamera. Njoo ukiwa umetimiza yafuatayo.

Andika kabla hujatoa simu mfukoni. "Nina wazo" si muswada. Ukurasa mmoja wa muswada wa filamu huchukua kama dakika moja kwenye kioo, basi andika kurasa 5, zikizidi sana 7, uishie hapo. Waandaaji wa tuzo za Oscar huihesabu kuwa fupi filamu yoyote isiyozidi dakika 40, lakini dakika 40 za mtu anayeanza ni adhabu kwa watazamaji. Andika kwa vitu ulivyo navyo: kibaraza cha nyumbani, duka la mjomba, ngazi za ghorofa, mtumbwi wa jirani. Usiandike msafara wa magari matatu ukitarajia kuyaazima. Na usianze filamu kwa mtu anayeamshwa na kengele ya simu, akapiga mswaki, akanywa chai, akavaa viatu, akatoka. Nyingi mno kati ya ninazoletewa huanza hivyo, na dakika mbili zimeshapotea. Anza pale ambapo jambo limeshaharibika: hela ya kodi imeshaliwa, barua imeshafunguliwa, mgeni asiyetakiwa ameshakaa sebuleni.

Funga mwanga, funga fokasi, kila shoti. Kwenye simu nyingi unabonyeza na kushikilia kidole juu ya uso wa mwigizaji hadi alama ya kufuli itokee. Usipofunga, picha itapumua: mwigizaji akiinua mkono wa kanzu nyeupe, chumba kizima kitaingia giza kisha kitarudi, na mtazamaji atatoka kwenye hadithi. Afadhali zaidi utumie programu inayokupa usukani wenyewe. Blackmagic Camera ni ya bure, ipo kwa iPhone tangu 2023 na kwa baadhi ya simu za Android tangu 2024. Kwa Android nyingine kuna Open Camera, nayo haina malipo. Jifunze mojawapo mpaka uweze kuipanga ukiwa gizani.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojidhulumu wenyewe. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka kama doa lenye macho na meno. Kamera za leo zimeboreshwa sana, ila kipimo cha mwanga cha simu bado hutafuta wastani wa kila kilichomo kwenye fremu. Msimamishe binti mweusi mbele ya ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe saa sita mchana: simu itautii ukuta, itashusha mwanga, na uso wa binti utazama. Vijana wengi hujibu kwa kummulika taa usoni, au kwa kumpaka poda hadi afanane na majivu. Usifanye hivyo kamwe. Mwondoe ukutani. Mweke karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, mwanga umjie kwa ubavu, na nyuma yake pawe na kitu kinachomzidi weusi au kinachokaribiana naye: mlango wa mbao, pazia la kijani, kiza cha ukumbi. Mpake mafuta kidogo kwenye paji la uso na mashavuni, maana ngozi yetu hupendeza kwenye picha kwa mng'ao inaourudisha kuliko kwa wingi wa mwanga unaoimwagikia. Kisha pima mwanga kwenye shavu lake na ufunge hapo hapo. Dirisha la nyuma likiungua, liungue. Aliyekuja kuonekana ni yeye.

Panga fremu 24 au 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50, na usiziguse tena. Simu kwa kawaida huja ikiwa kwenye fremu 30, na shata yake inapanda na kushuka ipendavyo. Fremu 24 ndio mwendo wa sinema tangu ilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920. 25 ni mwendo wa televisheni zetu. Chagua mmoja kwa filamu nzima. Shata ya 1/50 inaacha ukungu mdogo kwenye mkono unaosogea, ukungu ambao jicho limezoea kuuona ukumbini. Shata ikiwa 1/1000, mtu anayekimbia anaonekana kama anakatwakatwa. Na kuna sababu nyingine isiyofundishwa na Wamarekani wa YouTube, kwa kuwa haiwahusu: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inakwenda sambamba na taa hizo. Ya kwao ya 1/60 itakuletea mistari inayopanda ukutani, na sini yako ya usiku chini ya taa za tyubu itakuwa ya kutupa. Juani, 1/50 itaunguza picha, kwa kuwa tundu la lenzi ya simu nyingi halifinyiki. Nunua kichujio cha ND, kile cha kupunguza mwanga, cha kubana kwenye lenzi. Huna? Hamishia sini chini ya mwembe.

Usipige sini ya nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri kwa sababu tu ndipo watu walipopatikana. Jua likiwa utosini, macho yanageuka mashimo na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo. Kama hadithi yenyewe inataka ukali huo, mkulima anayekata tamaa shambani au mchuuzi anayetembea lami ya Kilwa Road, sawa, utumie kwa makusudi. Vinginevyo subiri. Lakini ujue unasubiri nini. Masomo ya mtandaoni kutoka Ulaya yanazungumzia mwanga wa dhahabu unaodumu jioni nzima. Huko jua hushuka kwa kulala. Huku kwetu karibu na ikweta hudondoka. Kuanzia linapoanza kuwa la dhahabu hadi kugusa upeo wa bahari una kama dakika 40, na likishazama kiza kinakufikia baada ya dakika 20 na ushei. Dar es Salaam jua huzama kwenye saa 12 na robo mwezi Juni, na hukaribia saa 1 kasoro dakika 10 mwezi Februari. Kwa hiyo mazoezi yafanyike saa 9, kila mtu ajue anasimama wapi, na mwanga ukifika piga shoti tatu ulizoziandika. Tatu tu. Anayepanga kumi huondoka na kumi mbovu.

Kwa kurudisha mwanga kwenye upande wa kivuli, sinia la alumini la kuandalia pilau linatosha kabisa. Likiwa kali mno, shuka jeupe lililotandazwa na watu wawili hufanya kazi kwa upole zaidi.

Sauti ipewe heshima kabla ya picha. Mtazamaji atavumilia picha yenye chengachenga. Neno asilolisikia halivumilii, anainuka. Watu hupenda kunitajia *Tangerine* ya Sean Baker, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2015, filamu ndefu nzima iliyopigwa kwa iPhone 5s. Ni kweli. Wanachosahau ni kwamba sauti ya filamu ile haikutegemea maiki ya simu. Ilinaswa kwa vifaa vya kitaalamu vya sauti. Picha ilikuwa ya simu, masikio hayakuwa ya simu.

Basi usitegemee maiki ya simu inayopiga picha, iliyosimama hatua nne kutoka kwa anayeongea. Tafuta maiki ya kubana kwenye nguo. Ukiikosa, chukua simu ya pili, irekodi sauti peke yake, uifunge kwenye mti wa fagio na kuishikilia juu ya kichwa cha mwigizaji, nje kidogo ya fremu, isizidi nusu mita kutoka mdomoni. Mwanzoni mwa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili ukihariri uoanishe mlio na mikono. Kipindi cha kaskazi au kusi, ufukweni, vika maiki sponji au soksi nzito. Upepo ukiingia kwenye maiki hautoki tena kwa programu yoyote ninayoijua.

Kabla ya kurekodi, nyamazeni nyote dakika nzima na msikilize. Kunguru wa Dar, ambao hawajawahi kumhurumia mwenye maiki. Pangaboi. Jenereta ya saluni. Bodaboda inayopasha moto. Kondakta wa daladala kituoni. Adhana haizimwi, wala usimwombe mtu aipunguze: jua saa zake na upange ratiba kuizunguka. Nyumba ya bati wakati wa masika usiiandike kabisa kwenye ratiba.

Na friji. Miaka iliyopita nilimrekodi mama mmoja mtu mzima chumbani kwake Magomeni. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa asimulie mbele ya kamera jinsi alivyompoteza mwanawe, maneno tuliyokubaliana, na katikati yake machozi yakamjia ambayo hatukukubaliana. Dakika nne. Hakuna aliyepumua. Nilipofika nyumbani na kuvaa hedifoni nilisikia friji ya jikoni ikiwaka kwenye sentensi ya pili, ikanguruma, na ikazima kwenye ile sentensi ambayo ndiyo ilikuwa filamu. Huwezi kukata popote, kwa maana kila unapokata mngurumo unaruka. Sikuweza kumrudia yule mama na kumwambia alie tena. Kazi ile haikutoka. Tangu siku hiyo nachomoa friji kila nyumba ninayoingia, na nikishaichomoa naweka funguo zangu ndani yake, ili nisiweze kuondoka bila kuichomeka tena na kuacha samaki wa watu waoze. Fanya hivyo hivyo.

Mkimaliza kila chumba, rekodi nusu dakika ya ukimya wake mkiwa mmesimama. Ukimya wa chumba cha Magomeni si ukimya wa chumba cha Nungwi, na utauhitaji kuziba nyufa unapohariri.

Usivute kwa vidole. Kukuza picha kwa vidole ni kuikata na kuitanua. Unataka kumsogelea mtu? Msogelee kwa miguu. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye kihisi kikubwa kuliko zote kwenye simu. Lenzi ile pana sana iache kwa mandhari. Ukimpiga mtu nayo kwa karibu, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma.

Simu ilazwe. Hadithi ya sinema iko kwa upana.

Kamera isitembee bila kutumwa. Mtetemo wa mkono ndio unaoitangaza simu haraka kuliko chochote. Kama huna stendi, mfuko wa kilo mbili za mchele juu ya stuli unashika simu imara na unainama unavyotaka. Kama ni lazima utembee, viwiko vibanwe mbavuni, magoti yalegee, utembee kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Kiti cha magurudumu cha kuazima kwenye sakafu laini kinatoa mwendo mzuri kuliko vifaa vingi vya bei. Ila jiulize kila mara: nani anayetembea hapa, na kwa nini mtazamaji aende naye? Kama jibu ni "inapendeza", kaa. Mwendo wa polepole usiutumie kuokoa uigizaji dhaifu, hauuokoi, unaurefusha.

Itunze simu kama chombo cha kazi. Ifute lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila shoti, kwani jasho la kiganja na mafuta ya chapati ndiyo yanayoleta ule utando unaodhani ni ubovu wa kamera. Iwekwe hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya shoti inaweza kuikatiza, na ujumbe wa muamala ukilia utaingia kwenye sauti. Acha nafasi ya kutosha, maana dakika moja ya 4K hula mamia ya MB kwenye simu nyingi. Kati ya shoti na shoti iwe kivulini. Apple wenyewe wanashauri iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na Februari yetu hufika huko juani bila jitihada. Ikizimika kwa joto usiitie kwenye friji wala barafu: unyevu utajikusanya ndani na utakuwa umeiua. Ivue kava, ipepee, subiri. Jioni, kabla ya mtu yeyote kula, nakili kazi yote sehemu mbili tofauti. Diski moja si hifadhi.

Omba ruhusa, na uombe kwa adabu. Udogo wa simu usikufanye mwizi. Bara, kupiga filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza. Zanzibar ina baraza lake. Mtaani, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa; Unguja na Pemba, nenda kwa sheha kabla hujatoa stendi kwenye mfuko. Usielekeze kamera kwenye kambi, bandari au Ikulu kwa kisingizio kwamba ni simu tu. Usimpige mvuvi anayepara samaki wake Feri, wala mama anayeuza vitumbua, kisha ukamweka kwenye filamu yako bila yeye kujua ni hadithi gani amewekwa ndani yake. Pengine ni hadithi ya ukahaba. Msalimie, mweleze, akikataa mshukuru uondoke. Watoto, mpaka mzazi akubali.

Na waigizaji wako wale. Umewaita saa 11 alfajiri, hujawalipa, wamesimama juani. Kama bajeti nzima ni shilingi 50,000, ya chakula itoke kwanza, kisha nauli, kinachobaki ndicho cha filamu. Nimeona uigizaji mzuri ukifa saa 8 mchana kwa njaa tupu, halafu mwongozaji akalalamika kwamba fulani "hana hisia".

Usichukue wimbo wa mtu. Iwe taarabu ya zamani, iwe Bongo Fleva ya juzi, una mwenyewe. COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ipo, na hata isingekuwepo, tamasha litakuuliza karatasi ya ruhusa na huna. Mtafute kijana wa mtaani mwenye gitaa au kinanda, mkubaliane kwa maandishi. Au acha sini ikae na sauti zake: maji yanayomiminwa, slipa kwenye sakafu, mlango. Filamu nyingi za wanaoanza zimejaa kinanda cha huzuni kinachomwambia mtazamaji alie wakati hakuna cha kumliza.

Kata. Ukishahariri mara ya kwanza, weka pembeni siku tatu, rudi, toa robo. Shoti uliyohangaika nayo sana ndiyo ya kwanza kuitilia shaka, kwa kuwa unaipenda kwa ajili ya jasho lako. Usipake rangi ya chungwa na buluu iliyokopwa kwenye filamu za Marekani. Vumbi letu lina wekundu wake na kuta zetu zina kijani chake, viache vionekane. Manukuu ya Kiingereza yakaguliwe na mtu anayekijua.

Filamu usiitume kwa WhatsApp kama video. Itafinywa hadi nyuso zigeuke vibonge. Itume kama dokumenti, au mpelekee mtu flashi mkononi.

Kabla hujaipeleka tamasha lolote, iondoe kwenye simu. Ulishaizoea kwenye kioo cha upana wa kiganja, ambako kila kitu kinapendeza na kila sauti inatoka kwenye tundu moja. Azima projekta, tandika shuka ukutani, unganisha spika kubwa, zima taa, na uwaite watu ambao hawakushiriki. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wanapoonyesha Ngome Kongwe, picha ni ya mita kadhaa na mamia ya watu wanasikia kila kitu. Usitazame shuka. Kaa pembeni uwatazame wao: wapi wanajikuna, wapi wanaangalia simu zao, wapi wanaacha kupumua. Andika dakika na sekunde. Ukisikia friji, rudi ukarekodi upya.